Jembe, trekta au kutopindua kabisa: njia ipi inalifaa shamba lako la Nairobi?

Siku ya kulima, kila njia inapendeza. Jembe, plau ya trekta, rotaveta, jembe la meno, zote huacha udongo laini uliofura, unaotamanisha kutupia mbegu. Tofauti hujitokeza baadaye, masika yakishapiga wiki tatu nne, watu wakishapita kupalilia, mahindi yakifika magotini. Hapo ndipo utajua udongo upi umebaki wazi na upi umeshajishindilia tena. Kwa hiyo njia hizi nitazilinganisha kwa hali ya udongo mwishoni mwa msimu, kwa sababu ndiyo inayoamua kama maji ya mvua yataingia shambani mwako au yatakimbilia mtaroni.

Umesimama juu ya udongo gani?

Anza hapa, kwa sababu ushauri unaofaa Kangemi unaweza kuharibu shamba la Utawala.

Upande wa magharibi na kaskazini mwa jiji, yaani Kabete, Kangemi, Dagoretti na maeneo ya Karura, ni udongo mwekundu wenye kina kirefu. Ni mfinyanzi, lakini una madini mengi ya chuma yanayouunganisha kuwa punje punje imara, ndiyo maana unapitisha maji kuliko mfinyanzi mwingine. Upande wa mashariki, kuanzia Embakasi na Njiru hadi Ruai na kuelekea Athi River, umetawaliwa na udongo mweusi, ule ambao mafundi wa ujenzi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kumwaga msingi kwa sababu huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kiangazi kikikolea, nyufa zake zinaweza kumeza mkono.

Udongo mwekundu uliotunzwa ni mwepesi kuliko unavyodhani. Ukikaushwa, sentimita moja ya ujazo huwa na uzito wa karibu gramu 1.0 tu. Chembe zenyewe za madini, zikiwa zimebanana bila nafasi yoyote, zingekuwa na gramu 2.65 hivi. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 60 ya udongo huo ni nafasi, za maji na za hewa. Udongo huohuo ukikanyagwa na kubanwa hadi ukafika gramu 1.4, nafasi hizo hushuka hadi karibu asilimia 47, na mizizi ya mimea mingi huanza kukwama.

Asilimia 47 bado inaonekana kuwa nyingi. Tatizo ni kwamba nafasi hazipotei sawasawa. Zinazokufa kwanza ni zile kubwa, zinazopokea mvua na kuingiza hewa. Zinazobaki ni vitundu vidogo vinavyong'ang'ania maji hata mzizi ukiyavuta. Ndiyo sababu shamba lililoshindiliwa huwa na madimbwi mwezi wa Aprili na sukuma iliyonyauka mwezi wa Juni, na mwenye shamba hulaumu mvua mara zote mbili.

Kupima si kazi ya maabara peke yake. Tafuta mkebe wa chuma, ukate pande zote mbili ubaki bomba. Jua ujazo wake kwa kipimo cha maji kabla hujaukata. Uzamishe wote kwenye udongo wenye unyevu kiasi, bila kuupigapiga ovyo, uuchimbue pamoja na udongo wake, kisha usawazishe juu na chini kwa kisu. Udongo huo ukaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo hadi uzito wake usipungue tena, halafu upime. Mkebe wa mililita 400 ukitoa gramu 520 za udongo mkavu, umepata 1.3. Pima juu, kisha pima tena sentimita 20 chini, mahali palepale. Vipimo hivyo viwili ukiviweka bega kwa bega vitakuambia mengi kuliko rangi ya majani.

Jembe au trekta?

Kwa ploti ya futi 50 kwa 100, swali hili halina uzito. Trekta hapo itatumia muda mwingi ikigeuka kuliko ikilima, na kila inapogeuka inashindilia. Lakini kwa mtu mwenye nusu ekari au ekari mbili pale Ruai, Kamulu au Kikuyu, ni uamuzi wa kweli.

Jembe la kawaida lina sifa moja kubwa: halina gurudumu. Mtu anayelima kwa mkono hawezi kushindilia udongo ulio ndani sana. Udhaifu wake ni kwamba linapiga kina kilekile msimu baada ya msimu, sentimita 10 hadi 15, na bapa lake husugua sakafu ileile kila mara. Miaka ikipita, sakafu hiyo inakuwa tabaka gumu.

Ukitaka kuliona, chimba shimo la futi moja na nusu katikati ya mahindi, kando kabisa ya shina. Chukua kisu, ukwaruze ukuta wa shimo taratibu kutoka juu kwenda chini. Kisu kinapita, kinapita, kisha ghafla kinakwama. Tazama hapohapo palipokwama: mizizi iliyokuwa ikishuka wima imegota na kujilaza, imetambaa ubavu kama inayotafuta mlango. Sentimita chache chini ya hapo udongo ni mwekundu uleule, una unyevu mzuri, na hauna mzizi hata mmoja. Chakula na maji vipo, njia ndiyo haipo. Kwa maoni yangu, hasara hii ni kubwa kuliko ya mbolea kidogo, na watu wengi huongeza mbolea juu yake bila kuiona.

Trekta yenye plau ya visahani huenda sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo hulivunja tabaka la jembe. Huo ni wema wake halisi. Kisha inaunda tabaka lake yenyewe, chini zaidi, mahali ambapo jembe lako haliwezi kufika kulirekebisha. Trekta ya kawaida tunayoikodi ina uzito unaozunguka tani 3, na mara nyingi inapolima gurudumu moja hupita ndani ya mfereji uliokwisha kufunguliwa, yaani hukanyaga udongo wa chini moja kwa moja. Sehemu kubwa ya madhara hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza. Ndiyo maana kupita ovyo shamba zima ni kubaya kuliko kurudia njia moja mara kumi.

Lakini adui mkubwa wa trekta ni kalenda yake. Kila mtu huipigia simu wiki ileile, mvua ikishaanza. Dereva atakuambia, "Mama, ni leo ama wiki ijayo, kesho niko Kiambu." Nawe unakubali, udongo ukiwa umelowa. Maji ndani ya udongo huwa kilainishi: chembe huteleza na kubanana kwa urahisi kuliko zikiwa kavu. Trekta ileile ingepita wiki mbili kabla ya mvua, ingefanya madhara kidogo sana.

Kuna jaribio la dakika moja kabla ya kumwambia dereva aingie. Chukua udongo kutoka kina kitakacholimwa, si wa juu, uuviringe kati ya viganja ufanye kamba nyembamba, ya unene wa njiti ya kiberiti au kuzidi kidogo. Ukivunjikavunjika kabla haujafika hapo, lima. Ukikubali kuwa kamba, subiri, hata kama dereva atakasirika.

Na kama unaweza kuchagua kifaa kinachofungwa nyuma ya trekta, omba ripa, lile jino refu linalopasua mstari bila kupindua, badala ya visahani. Linavunja tabaka gumu kwenye mistari utakayopanda na kuacha sehemu iliyobaki ilivyo. Lifanye kazi udongo ukiwa mkavu. Kwenye udongo uliolowa jino hilo hukata tu mfereji wenye kuta laini zilizozibwa, na hakuna kinachopasuka.

Rotaveta, mashine ya visu vinavyozunguka, nitaipita haraka. Inavutia kwa sababu inasaga udongo ukawa unga, na ni huo unga unaoleta shida. Matone ya masika yakiupiga, unaziba na kuganda ukoko juu, na visu vyake huacha sakafu iliyosuguliwa chini. Kwa kuchanganya samadi kwenye kitanda cha mboga mara moja, sawa. Kwa kulima kila msimu, sipendekezi.

Jembe la meno au kuacha kupindua?

Ushindani wa kweli, kwa shamba la Nairobi, uko hapa.

Jembe la meno hupenya ndani kuliko lile la bapa na halisugui sakafu. Linanyanyua bonge, bonge linapasuka kwenye nyufa zake za asili, na punje za udongo hubaki punje. Kwenye udongo mwekundu uliochoka, hiki ndicho kifaa ningeanza nacho kabla ya kingine chochote. Mwenye nguvu na vitanda vichache vya mboga anaweza kwenda mbali zaidi na kuchimba mara mbili: unaondoa tabaka la juu, unapasua la chini bila kulileta juu, unachanganya mboji, unarudisha, hadi ufike kina cha sentimita 60 hivi. Ni kazi ya kutoa jasho kweli. Ifanywe mara moja, na baada ya hapo hakuna mguu unaokanyaga kitanda hicho tena. Kiwe na upana wa mita moja au zaidi kidogo, mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, na njia za kupita ziwe zilezile daima. Nimeona watu wakichimba kwa uchungu, kisha wiki iliyofuata mtoto anatumwa kuchuma dania na anapita katikati ya kitanda. Kazi yote imerudi nyuma kwa nyayo ishirini.

Kuacha kupindua kabisa, yaani kupanda bila kulima, ni njia nyingine. Hapa Nairobi ndiko makao makuu ya mtandao wa Afrika unaoieneza, African Conservation Tillage Network, na mafundisho yake yanasimama juu ya nguzo tatu: kutosumbua udongo, kuufunika muda wote, na kubadilisha mazao. Watu hushika nguzo ya kwanza kwa sababu ni rahisi, wakaziacha mbili, kisha wanasema njia imeshindwa.

Ukweli ni kwamba misimu ya mwanzo udongo usiolimwa huweza kuwa mgumu kuliko uliolimwa. Ukipima kwa mkebe utapata uzito mkubwa zaidi, na utaogopa. Kinachobadilika hakionekani kwenye mkebe: mizizi iliyooza, minyoo na mchwa huacha mifereji inayoshuka bila kukatika kutoka juu hadi chini. Mfereji mmoja kama huo hupitisha maji kuliko vitundu vingi visivyoungana. Jembe hukata mifereji hiyo kila msimu. Kwa hiyo shamba lililolimwa ni laini lakini limefungwa chini, na shamba lisilolimwa, likishakomaa, ni imara juu na wazi hadi ndani. Mimi ningependa la pili, ila halipatikani kwa msimu mmoja.

Na halipatikani bila matandazo. Udongo mwekundu ulioachwa uchi bila kulimwa huganda juu, maji yanateleza, na utakuwa umepata mabaya ya pande zote. Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na vitabu. Mabua ya mahindi hayabaki shambani, yanaliwa na ng'ombe wa zizini au yanauzwa kwa mwenye ng'ombe. Kama huna uhakika wa kufunika udongo, usianze. Kama unaweza kupata nyasi zinazofyekwa kando ya barabara, majani yanayofagiliwa mitaani, au maganda ya mahindi mabichi yanayotupwa soko la Marikiti, hesabu imebadilika. Magugu nayo yana bei: usipolima unayang'oa kwa mkono au kuyakwangua juu juu, ama unapiga dawa. Dawa karibu na nyumba za watu na mito inayokatiza jiji, mimi nasita.

Ardhi yetu haina msaada wa baridi. Katika nchi za theluji, maji yaliyo udongoni huganda na kuyeyuka kila mwaka na hulegeza tabaka la juu bila mtu kushika jembe. Nairobi, udongo mwekundu ulioshindiliwa hukaa umeshindiliwa mpaka mzizi, mnyoo au mkono wako uuguse. Ule mweusi una bahati yake: ule uvimbaji na upasukaji unaowatesa mafundi ndio unaoufungua tena kila kiangazi. Kwa hiyo mwenye shamba la Ruai ana sababu kubwa zaidi ya kuacha kupindua. Atengeneze matuta mapana yaliyoinuka, mara moja, wakati wa ukavu, maji ya masika yapate pa kushukia, kisha asiyavunje. Kilicho mwiko kwake ni kuingia shambani udongo ukinata viatuni. Siku moja ya haraka kwenye tope jeusi huacha mabonge yatakayokuwa matofali ifikapo Julai.

Kinachofanyika juu ya ardhi kinaizidi nguvu ya kifaa

Nenda msitu wa Karura baada ya mvua. Simama kwenye njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, kisha utazame hatua tatu ndani, chini ya miti. Udongo ni uleule, mvua ni ileile. Njiani maji yamesimama au yanatiririka. Ndani ya majani yaliyooza hayaonekani, yameingia. Tofauti hiyo yote imeletwa na miguu upande mmoja, na mizizi pamoja na majani upande mwingine. Wangari Maathai na wenzake walipopambana kuzuia msitu huo usigawiwe wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokoa pia udongo unaokunywa mvua, kitu ambacho jiji haliwezi kukinunua likishakipoteza.

Ukilinganisha matumizi mengine, malisho yanashindilia lakini kwa juu juu. Kwato ya ng'ombe ni ndogo na mzigo wake ni mkubwa, hivyo hubana sana, lakini madhara hukaa kwenye sentimita 10 au 15 za kwanza. Kupumzisha ardhi msimu mmoja au miwili chini ya nyasi kunaweza kuyarekebisha. Shamba linalolimwa mfululizo huumia polepole na kwa namna nyingine: linapoteza mboji inayoshikanisha punje. Jaribio la muda mrefu lililoanzishwa kituo cha utafiti cha Kabete mwaka 1976 limeonyesha hilo waziwazi. Kaboni ya udongo imekuwa ikipungua miaka nenda rudi, na imepungua taratibu zaidi pale palipowekwa samadi na kurudishwa mabua. Mbolea ya dukani peke yake haikuziba pengo hilo.

Ujenzi ni jambo tofauti kabisa. Lori la mawe au kokoto lina mhimili unaobeba tani nyingi, na mzigo wa tani 10 kwa mhimili mmoja hushindilia hadi kupita sentimita 40, mahali ambapo hakuna jembe litakalofika. Kisha udongo wa juu unakwanguliwa, wa chini unakanyagwa mwaka mzima na mikokoteni, na siku ya kukabidhi nyumba unamwagwa udongo mwekundu kidogo juu, nyasi zinapandwa, mwenye nyumba anashangaa kwa nini miparachichi haikui. Kwa ploti ya namna hiyo usianze na kutolima, utakuwa unahifadhi uharibifu. Pasua kwanza, ndani uwezavyo, ukichanganya mboji nyingi, ndipo ufunike na kuacha mizizi iendelee. Lusini na njahi zina mizizi inayoshuka vizuri, na zote mbili mifugo huzipenda. Lusini itahitaji chokaa kama udongo una asidi. Kama bado hujajenga, zungushia kamba sehemu utakayopanda na umkataze mwenye lori kupita hapo. Hiyo ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja.

Yako au ya kukodi?

Swali hili huachwa nje ya ushauri mwingi wa kilimo, ilhali Nairobi ndilo linaloamua. Anayelima kando ya mto, chini ya nyaya za umeme au kwenye ploti ambayo mwenyewe anasubiri kujenga, hana miaka mitano ya kungoja mifereji ya minyoo. Kumwambia aache kulima ni kumwambia awekeze kwa ajili ya mtu mwingine. Kwake ningechagua jembe la meno kila msimu, kwenye mistari ya kupandia tu, njia za kupita zisizobadilika, na matandazo yoyote yaliyo karibu. Atavuna faida ndani ya msimu huohuo, na akifukuzwa hajapoteza kikubwa.

Mwenye hati yake na udongo mwekundu, ningemwambia apasue mara moja kwa jembe la meno au ripa, kisha awekeze nguvu zote kwenye kufunika na kubadilisha mazao, mahindi na maharagwe msimu huu, njahi msimu ujao, jembe la kawaida likibaki la kupalilia tu. Mwenye udongo mweusi, matuta ya kudumu. Mwenye ng'ombe wawili zizini na nusu ekari, asijilazimishe kutolima wakati mabua yote yanaenda kwenye hori. Samadi yake ni mali, airudishe shambani yote, na alime kidogo iwezekanavyo kwa meno.

Asiye na udongo kabisa, anayepanda sukuma kwenye gunia Kibera au Mathare, naye ana jambo la kuangalia. Gunia hujishindilia kwa maji ya kumwagilia kutoka juu kila siku, ndiyo sababu huwekwa nguzo ya mawe katikati. Nguzo hiyo ikizibwa na udongo, miche ya chini hufa kwanza.

Kwa vuli zijazo, kupasua kumalizike Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua haijaanza. Mkebe wa kupimia utumie mara mbili, kabla ya kupasua na baada ya kuvuna, mahali palepale na kina kilekile, uandike kwenye daftari. Namba ya pili ikiwa imerudi ilipokuwa ya kwanza, msimu ujao usibadilishe jembe kabla hujachunguza nani anapita shambani mwako na lini.